Theluji imekukwamisha usiku wa mwisho wa safari: hoteli, uwanja wa ndege au barabara?

Safari imekwisha, umebakiza ndege moja tu ufike nyumbani, na ubao wa uwanjani unaonyesha kwamba ndege hiyo imefutwa. Nje theluji inaanguka kwa mshazari. Mamia ya watu waliokuwa wameketi wanainuka kwa pamoja, na kabla hujafunga zipu ya koti foleni ya kaunta imeshavuka ukumbi. Una njia tatu: kutafuta hoteli, kulala palepale uwanjani, au kukodi gari ama kuwahi treni usonge mbele usiku huohuo. Kila njia ina watu wanaoiapia. Nimeziweka hapa kando kwa kando kwa sababu anayelazimika kuchagua huwa ni mtu aliyechoka, simu yake inakaribia kuzima, na pesa za safari zimebaki chache.

Msimamo wangu nausema mapema. Hoteli iliyo karibu na uwanja ndiyo ya kwanza. Uwanja wenyewe ni wa pili, na hauko nyuma sana kama watu wanavyodhani. Barabara ni ya mwisho, tena kwa mbali. Mpangilio huo hubadilika kwa mambo mawili makubwa: nani atalipa, na pasipoti yako inakuruhusu kutoka kwa mlango upi.

Kiti cha kesho kwanza, kitanda baadaye

Watu wengi hukimbilia kitanda, wakati viti vya ndege za kesho ndivyo vinavyokwisha haraka zaidi. Simama kwenye foleni, lakini ukiwa foleni fungua programu ya shirika la ndege na upige simu pia. Jaribu namba ya ofisi yao katika nchi nyingine ambako hakuna dhoruba. Huko simu hupokelewa mapema zaidi, na mhudumu anaona viti vilevile anavyoviona yule aliye kaunta mbele yako.

Usiipapatikie ndege ya alfajiri kwa sababu tu ni ya kwanza. Uliza kama ndege itakayotumika imelala hapo uwanjani au inasubiriwa kutoka mji mwingine. Programu za kufuatilia ndege huonyesha hilo. Uliza pia kuhusu marubani. Kwa sheria za Marekani, rubani wa ndege ya abiria lazima apate mapumziko ya saa 10 mfululizo kabla ya zamu. Kama waliofika saa 7 usiku ndio watakaokupeleka, ile safari ya saa 12 asubuhi haipo, hata kama ubao bado unaionyesha. Hili linagusa moja kwa moja suala la pa kulala: mwenye kiti cha saa 8 mchana hana sababu ya kujitesa sakafuni ili awe karibu na kaunta.

Nani analipa

Hapa ndipo hoteli inapokuwa chaguo rahisi au ghali, na tofauti kati ya nchi na nchi ni kubwa kuliko wengi wanavyojua.

Kwa safari inayoanzia katika nchi za Umoja wa Ulaya, au inayoelekea huko kwa shirika la Ulaya, kuna Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Ndege ikifutwa kwa hali ya hewa, ile fidia ya kati ya euro 250 na 600 hupati, kwa kuwa dhoruba si kosa la shirika. Lakini matunzo unapata: chakula kulingana na muda wa kusubiri, chumba cha hoteli, usafiri wa kwenda na kurudi, na mawasiliano mawili ya simu. Hayo hayategemei kosa la mtu yeyote. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria aliyekwama Faro, Ureno, wakati majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga mwaka 2010. Ilisema kwamba hata janga la namna ile haliliondolei shirika wajibu wa kumtunza abiria, na kwamba asipotunzwa anaweza kudai alichotumia, mradi matumizi yawe ya lazima na ya kiasi. Uingereza imebaki na kanuni inayofanana.

Kwa hiyo mhudumu akikwambia, "Samahani, ni hali ya hewa, hatulipi," anachanganya fidia na matunzo. Mwambie kwa upole kwamba unaomba matunzo. Vyumba vyao vikiwa vimekwisha, tafuta chumba cha kawaida mwenyewe, tunza risiti zote, na uombe waandike kwa nini ndege ilifutwa.

Marekani mambo ni tofauti kabisa. Hakuna sheria ya serikali kuu inayolilazimisha shirika kukulipia hoteli kwa sababu ya dhoruba. Ulicho nacho ni haki ya kurudishiwa nauli yote ikiwa ndege imefutwa na umeamua kutosafiri nao, hata kwa tiketi isiyorudishiwa fedha. Hata hivyo uliza kaunta kama wana bei ya punguzo kwa abiria waliokwama. Mara nyingi ipo, na haitangazwi. Kanada, kwa kanuni za mwaka 2019 na marekebisho yake ya 2022, shirika linapaswa kukupatia safari nyingine ndani ya saa 48, likishindwa unaweza kudai nauli yako, ila hoteli halidaiwi kama sababu ni hali ya hewa.

Mwenye bima ya safari, au kadi ya benki yenye bima ndani yake, asome mambo mawili: ucheleweshaji unahesabiwa kuanzia saa ya ngapi, na kama bima ilinunuliwa kabla dhoruba haijatangazwa. Iliyonunuliwa baada ya tangazo kwa kawaida haifai kitu.

Jambo moja huwaumiza watu bila kutarajia, nalo ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Ukifika kwa tiketi moja na kipande cha mwisho kiko kwenye tiketi nyingine, shirika la kwanza halina deni nawe kwa kuikosa ile ya pili. Mtu wa namna hiyo apige hesabu ya hoteli akijua analipa mwenyewe.

Hoteli dhidi ya sakafu

Kwa usingizi, hoteli inashinda, na sina haja ya kulieleza hilo. Linalohitaji kupimwa ni mambo mengine.

Kwanza, njia ya kufika huko. Hoteli iliyo ndani ya uwanja au ya kutembea kwa miguu chini ya paa si sawa na hoteli ya kilomita 15 mjini, ingawa kwenye simu zote mbili zinaitwa "karibu na uwanja". Usiku wa theluji, basi la hoteli linaweza kusimama na teksi zikawa adimu, na asubuhi ndiyo mbaya zaidi: umelala vizuri, ndege imerejeshwa, nawe umezuiwa na barabara ambayo haijasafishwa. Hoteli ya mbali yenye barabara mbovu mimi naihesabu kuwa chini ya sakafu ya uwanja. Kabla ya kulipa, ipigie simu hoteli yenyewe uulize mawili: chumba kipo kweli, na basi lao linatembea?

Pili, visa. Kama unapita tu katika nchi ambayo pasipoti yako inahitaji visa kuingia, unaweza kukuta vocha ya hoteli mkononi na afisa wa mpaka mbele yako akikataa. Katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia visa moja, sheria inaruhusu maafisa wa mpakani kutoa visa ya muda mfupi, hadi siku 15, kwa dharura ambayo msafiri hakuweza kuitabiri, lakini ni hiari yao na hutolewa mtu mmoja mmoja. Mwombe mtu wa shirika la ndege aende nawe dirishani. Maneno yake yana uzito kuliko yako. Ikishindikana, uliza hoteli za ndani ya eneo la kupitia, zile zisizohitaji kuvuka mpaka. Viwanja vya Schiphol (Amsterdam) na Istanbul vinazo, ila siku kama hiyo vyumba vyake hujaa mapema. Marekani hali ni kinyume: hakuna eneo la kupitia bila kukaguliwa na uhamiaji, hivyo anayepita ameshaingizwa nchini kisheria na yuko huru kwenda hotelini.

Tatu, mizigo. Begi lililokwishapokelewa kaunta kwa kawaida hubaki chini, na kulidai usiku ule kunaweza kuchukua saa kadhaa. Panga usiku kwa kilichomo kwenye begi la mkononi. Kama dawa zako zimo kwenye begi kubwa, hilo ni jambo la kumwambia mhudumu mapema, kwa sauti ya kawaida na bila aibu, kabla hata ya kuuliza habari za chumba.

Sasa uwanja. Desemba 2010 theluji iliifunga Heathrow, uwanja mkubwa wa London, siku chache kabla ya Krismasi, na maelfu walilala kwenye sakafu za majengo yake, wengine wakiwa wamejifunika karatasi za kuhifadhi joto. Picha zile zimewafanya watu waogope kulala uwanjani. Lakini ukiutazama bila hofu, uwanja mkubwa una joto, mwanga, vyoo, maji, walinzi na watu wa huduma ya kwanza. Hoteli nyingi za bei ya chini hazina nusu ya hayo umeme ukikatika. Na kaunta ikifunguliwa alfajiri, wewe uko hatua 50 tu.

Yote yanategemea uko upande gani wa ukaguzi wa usalama. Ndani, baada ya ukaguzi, ni pazuri zaidi: watu ni wale waliokaguliwa, viti ni vingi, na zulia lipo. Nje, karibu na kaunta, milango ya kujifungua yenyewe inaingiza baridi usiku kucha. Ndege ikifutwa, abiria wengi hutoka kwenda kuuliza bila kufikiri, kisha wanakuta ukaguzi umefungwa hadi alfajiri na hawawezi kurudi. Kwa hiyo uliza kabla ya kutoka: je, ndani patabaki wazi usiku? Viwanja vingine huwatoa watu wote. Kama pako wazi na kaunta ya uhamisho ya ndani inahudumia, kaa ndani.

Nunua chakula na maji mapema, kwa kuwa maduka hufungwa na wafanyakazi wake nao wana barabara hiyohiyo ya kurudi nyumbani. Uliza vitanda vya kukunja na blanketi. Viwanja vingi vya nchi za baridi vinavyo stoo, na hupewa wanaouliza kwanza. Tafuta kona yenye zulia na soketi, mbali na milango na mbali na vipaza sauti, kisha pitisha mkanda wa begi mguuni.

Nani asilale uwanjani hata kama anaweza? Mjamzito, mzee mwenye maumivu ya mgongo au miguu inayovimba, mtu mwenye mtoto mchanga, na anayetumia dawa zenye ratiba kali. Kwa hao ningelipa hoteli kutoka mfukoni mwangu na kudai baadaye, au kutodai kabisa. Mtu mzima mwenye afya, mwenye kiti cha asubuhi na asiye na visa, alale uwanjani kwa moyo mkunjufu.

Barabara

Nalielewa wazo hili linatoka wapi. Nyumbani ni saa tano kwa gari, dawati la magari ya kukodi liko palepale, watu wawili kwenye foleni wanatafuta wa kuchangia gharama. Hasira ya kukwama inataka kitu cha kufanya, na usukani unaonekana kuwa kitu cha kufanya.

Lakini dhoruba inayozuia ndege yenye mitambo yote ile, rubani wawili na watu wa kuwaongoza kwa redio, haipungui makali kwa sababu umeshuka chini. Mwongozo rasmi wa madereva wa Uingereza unasema kwamba kwenye barafu gari linaweza kuhitaji umbali mara 10 ya ule wa kawaida ili lisimame. Na hatari kubwa mara nyingi si gari lako bali lori lililokwama kilomita tatu mbele yako. Tarehe 3 Januari 2022, kwenye barabara kuu ya I-95 jimboni Virginia, Marekani, mvua ilitangulia theluji, kwa hiyo maji ya chumvi ya kuzuia barafu hayakumwagwa mapema maana yangesombwa. Theluji ikaja nzito, malori yakateleza na kuziba njia, na mamia ya magari yakalala pale, mengine kwa zaidi ya saa 24. Seneta Tim Kaine alikuwa miongoni mwao: safari ya saa mbili hivi ilimchukua 27. Hiyo si nchi isiyojua theluji. Wala Uswidi si nchi isiyojua theluji, na Januari 2024 takriban magari 1,000 yalinaswa kwenye barabara ya E22 kusini mwa nchi hiyo.

Naandika sehemu hii kwa uzito kwa sababu ya Murree, mji wa milimani nchini Pakistan. Januari 2022 watu wasiopungua 22 walikufa humo ndani ya magari yaliyozingirwa na theluji. Baridi inaua, lakini moshi wa injini unaua kimyakimya zaidi: theluji ikiziba bomba la moshi, gesi ya kaboni monoksaidi inarudi ndani ya gari, haina harufu, na waliosinzia hawaamki. Ukinaswa, usiliache gari kwenda kutafuta msaada gizani. Safisha bomba la moshi kila mara kabla ya kuwasha injini, washa kwa dakika 10 hivi kila saa, na uache dirisha la upande usio na upepo wazi kidogo.

Gari la kukodi usiku huo lina dosari zake nyingine. Huenda halina matairi ya baridi. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni mwa tairi, na usipoiona liache. Kulirudisha mji mwingine huongeza malipo. Dereva ni mtu ambaye ameamka tangu alfajiri. Na mwenye kutumia insulini akumbuke kwamba ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena. Ndani ya gari lililozimwa kwenye baridi kali, iwekwe karibu na mwili.

Hata hivyo kuna usiku ambao gari ni jibu sahihi, na sitaki kulificha. Uliza ni kitu gani hasa kimeufunga uwanja. Ukungu, uhaba wa wafanyakazi, au msongamano wa ndege zinazosubiri kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu vinaweza kusimamisha safari huku barabara ni safi. Dawa ile ina muda wake wa kufanya kazi. Theluji ikiendelea kuanguka na foleni ikiwa ndefu, ndege inarudi kunyunyiziwa upya, na ratiba inaporomoka bila barabara kuathirika sana. Mvua inayoganda ikigusa chini ni jambo jingine: hiyo inafunga anga na lami kwa pamoja. Kwa hiyo kama dhoruba imeshapita au iko nyuma yako, mamlaka ya barabara inasema njia iko wazi, umbali ni saa mbili au tatu, na kuna dereva wa pili aliyelala, nenda. Afadhali zaidi, lala na uondoke kukipambazuka. Kabla ya kuondoka ambia shirika kwamba hutasafiri nao na udai nauli, na uulize begi lako litakufikiaje.

Treni na basi

Treni inaonekana kuwa katikati, na wakati mwingine ndivyo ilivyo, hasa kama inaelekea upande ambao dhoruba haipo. Ila usiihesabu kama njia isiyoguswa na theluji. Tarehe 2 Desemba 2023, mjini Munich, uwanja wa ndege na kituo kikuu cha treni vilisimama siku hiyohiyo. Desemba 2009, treni tano za Eurostar zilizimika ndani ya handaki lililo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, abiria zaidi ya 2,000 wakiwamo, kwa sababu theluji laini ilipenya kwenye mitambo na kuyeyuka ilipokutana na joto la handakini.

Kwa upande wa haki Ulaya, treni iko karibu na ndege: kampuni inapaswa kukupatia pa kulala ukilazimika kukesha, ingawa katika hali mbaya ya hewa inaweza kuweka kikomo cha siku tatu. Basi la masafa marefu ni dhaifu kuliko vyote. Sheria yake inaahidi hoteli hadi euro 80 kwa usiku, kwa siku mbili, kisha inaiondoa ahadi hiyo pale hali ya hewa inapofanya safari kuwa hatari, yaani pale hasa unapoihitaji. Na kituo cha basi usiku hakina joto la uwanja wa ndege.

Kama bado hujatoka ulikokuwa

Nimeacha hili mwisho ingawa kwa wenye bahati ndilo linalozishinda njia zote tatu. Dhoruba kubwa hutabiriwa siku moja au mbili kabla. Kama bado uko kwa ndugu au marafiki, kitanda chao ni bora kuliko hoteli yoyote ya uwanjani, na hakuna mwenyeji anayekukabidhi jembe kwa usiku mmoja wa theluji.

Cha kuangalia ni namna ya kubaki. Usiifute tiketi mwenyewe kwa sababu umeona utabiri mbaya, maana anayefuta mwenyewe anapoteza madai ambayo angekuwa nayo kama shirika lingefuta. Angalia tovuti ya shirika. Kabla ya dhoruba mashirika mengi hutangaza ruhusa ya kubadili tarehe bila malipo kwa miji fulani na siku fulani, na ruhusa hiyo hukuwezesha kuchagua siku yako kabla wenzako waliokwama hawajaanza kugombania viti. Tangazo lisipotoka, subiri nyumbani kwa wenyeji, simu ikiwa na chaji na begi limefungwa, hadi shirika lenyewe lifute au muda wa kwenda uwanjani ufike. Na ukitoka, toka na chakula cha usiku mmoja na dawa zako zote kwenye begi la mkononi.